Vidole vya Fundi Salme

Nangara, Babati
3 Machi 2003

Mdogo wangu Hatibu,

Assalam aleikum. Sisi huku tu wazima kiasi cha kuweza kuandika barua. Hadija yuko kidato cha pili na amenizidi kimo. Gauni nililomshonea Idi ya juzi limeshageuka blauzi. Mvua bado, na shamba la Singe linatutazama tu. Mji umejaa wageni tangu tupewe mkoa wetu wenyewe. Kila ofisi ina karani mpya, na kila karani anataka suruali ya mikunjo miwili mbele. Msalimie mkeo Sabrina na mwanenu Mudy.

Utaona mwandiko huu si wangu. Ni wa Hadija. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwonya asitie chumvi.

Jambo lenyewe ni vidole. Tangu mwaka jana vinaamka vimekunjana kama miguu ya kuku aliyechinjwa, na mpaka saa nne ya asubuhi ndipo vinakubali kushika mkasi. Magoti nayo yamefuata. Nilidhani ni baridi yabisi ya kurithi kwa bibi. Daktari Severine wa hospitali hapa amenipima damu, akasema ni kinga ya mwili wangu iliyokosa akili: mlinzi anawapiga wenye nyumba. Dawa zake zimepunguza uvimbe, lakini maumivu yamekaa palepale. Mtu mmoja sokoni amenishauri niuze cherehani. Nimemwambia aanze kuuza ulimi wake.

Katika ukoo huu mchanganya dawa ni wewe. Basi tafuta. Sitaki kuambiwa nipumzike, nataka vidole. Tangu baba yake Hadija afariki, cherehani ndiyo iliyonisimamisha. Nikishindwa kutoboa tundu la kifungo mimi si fundi, na kama si fundi sijui nitakuwa nani.

Hukuja kumzika mama, na sikukumbushi. Ila hili usilikalie kimya.

Dada yako,
Salme


Tandika, Dar es Salaam
29 Machi 2003

Dada Salme,

Shikamoo. Barua yako imefika ikiwa na vumbi la njia nzima, nikaikung'uta kwanza ndipo nikaisoma. Sabrina anakuamkia. Mudy ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila neno analosema linatoka na mluzi. Joto la huku usiliulize.

Habari ya vidole nimeisoma mara tatu. Kuna dawa moja inaitwa naltreksoni. Kidonge chake kizima kina miligramu hamsini na kinatibu jambo jingine kabisa. Lakini wapo madaktari wa nje wanaowapa wagonjwa wa maumivu ya muda mrefu, na wa kinga kama wewe, sehemu ndogo sana ya hicho kidonge: miligramu moja na nusu, ikifika mbali nne na nusu. Kipimo hicho hakitoki kiwandani. Ni lazima mtu kama mimi akae chini, asage kidonge, apime kwa mzani, achanganye na unga usio na kazi, ajaze kwenye maganda madogo ya kumeza, moja moja. Sikufichi kitu: wapo waliopata nafuu, wapo ambao hawakuona lolote, na utafiti wake bado ni mchanga. Haichukui nafasi ya dawa za Daktari Severine. Mpelekee karatasi niliyoiweka humu ndani. Akikataa, tumeishia hapo.

Dawa hii naifahamu vizuri, ndiyo maana nathubutu kuitaja.

Sasa unijibu maswali mawili. Ini lako limewahi kukusumbua? Na je, unatumia kidonge chochote kikali cha maumivu, vile vya jamii ya afyuni, kama kodeini au mofini? Hivyo na naltreksoni havilali chumba kimoja. Nijibu kweli, dada.

La mama tutaliongea tukionana.

Mdogo wako,
Hatibu


Nangara, Babati
20 Aprili 2003

Mdogo wangu Hatibu,

Salaam nyingi. Mvua imekuja kwa fujo, imebeba choo cha jirani mpaka bondeni. Hadija amekuwa wa tatu darasani na anaandika sentensi hii kwa maringo.

Jirani yangu Rosa, mke wa marehemu Sylvesta aliyefariki Januari kwa saratani ya mifupa, nadhani nilikwambia, yeye na ndugu wa mumewe wameshagawa vitu vya marehemu. Kwa desturi yao jirani hatoki mikono mitupu. Mimi nilipewa koti lake la sufi nilipunguze nivae, na vitu vingine vidogo vidogo. Sylvesta alikuwa mtu mwema, koti lake bado lina harufu ya tumbaku.

Daktari Severine ameisoma karatasi yako, akaivua miwani, akaivaa, akaisoma tena. Anasema anaijua kwa kuisikia tu, lakini haoni ubaya tukijaribu kidogo kidogo huku anapima damu yangu kila baada ya miezi miwili. Aliniuliza maswali yaleyale ya kwako, nami nimemjibu hivihivi ninavyokujibu: ini langu zima, vidonge vikali situmii. Panadol tu na dawa zake yeye.

Halafu na mimi nina swali. Kidonge kizima kinatibu nini? Umelivuka hilo kama mbuzi anavyovuka mfereji.

Dada yako,
Salme


Tandika
12 Mei 2003

Dada Salme,

Shikamoo. Tu wazima, ila Sabrina ana mafua.

Kifurushi hiki kina maganda thelathini. Nimeyajaza mwenyewe Jumapili, mlango umefungwa na feni imezimwa ili unga usiruke. Meza moja tu unapokwenda kulala. Ukiota ndoto za ajabu wiki ya kwanza usishtuke, huwa zinapita. Dawa za Severine endelea nazo. Usitegemee kitu kabla ya mwezi wa pili, na usimgawie mtu, hata akikulilia.

Swali lako: kizima kinatibu watu walioshindwa kuacha kitu. Hilo linatosha kwa leo.

Hatibu


Nangara
2 Juni 2003

Hatibu,

Leo sina salamu ndefu.

Nilimeza moja. Haikupita saa nzima nikaanza kutoka jasho mpaka godoro likalowa, nikatapika nyongo, tumbo likakatika, pua zikachuruzika, nikapiga miayo mpaka taya likauma. Mifupa yote iliyokuwa inauma ikauma mara kumi. Nilikuja kupata nafuu kesho yake alasiri. Yamebaki maganda ishirini na tisa, yapo juu ya kabati, na yatakaa hukohuko.

Nilikuomba vidole. Wewe ukataka na roho.

Salme

Mjomba, shikamoo. Haya naandika mimi Hadija, mama ameenda kuchota maji ya udhu. Usiku ule mama alilia. Alikuwa ananiambia nimletee vidonge vyake vya kwenye kopo la maziwa, nikamletea, akanywa, havikusaidia. Hata baba alipofariki hakulia mbele yangu. Tafadhali usimwambie nimeandika.


Tandika
16 Juni 2003

Dada Salme,

Shikamoo. Nimeogopa sana, na naomba radhi kwa usiku ule. Kosa la kwanza ni langu: nilikutumia dawa bila kukaa nawe uso kwa uso.

Lakini nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Ganda la moja na nusu halimfanyi hivyo mtu asiye na kitu kingine mwilini. Jasho lile, miayo ile, mafua yasiyo mafua, humpata mtu ambaye mwili wake umezoea kitu fulani, na ghafla kitu hicho kimefungiwa mlango. Nimewahi kuyaona kwa karibu.

Sikuulizi mbele ya Hadija. Usimeze ganda jingine hata moja. Na kama kuna kitu unatumia, usikitupe chooni kwa hasira siku moja, utaumia zaidi. Mwambie Severine. Halafu niandikie mimi kwa mkono wako mwenyewe, hata kama ni neno moja.

Mdogo wako,
Hatibu


Tandika
28 Julai 2003

Dada,

Wiki sita. Posta ya Babati haijaungua, nimeuliza.

Sikasiriki. Naandika ili ujue kwamba bado nasubiri.

Hatibu


Nangara
9 Agosti 2003

Hatibu,

Huu ni mkono wangu. Hadija yuko shule.

Vitu vidogo vidogo vya Sylvesta vilikuwa kopo la dawa. Lile kubwa la hospitali, lilikuwa limepungua kidogo tu. Ndugu yao alimletea kutoka Arusha miezi ya mwisho. Rosa alisema dawa nzima haitupwi, na mimi nikaona kweli, chakula kizima nani anatupa. Limeandikwa kodeini, nikalificha ndani ya kopo la maziwa. Nilijua kusoma.

Nilianza na viwili. Nikashona wiki nzima nikiimba.

10 Agosti. Naendelea. Juni nilikuwa nafikia vinane kwa siku. Nikichelewa nakuwa mkali, nilimtupia Hadija mkasi. Haukumpata. Tangu siku hiyo nimejiogopa.

Ningewezaje kusema, mwandishi wangu akiwa ndiye mwanangu?

12 Agosti. Kopo linakaribia kwisha. Nimejikuta namwuliza Rosa kama yule ndugu yao wa Arusha bado yupo. Mjane ana miezi saba, mimi namwuliza habari za vidonge. Mimi, niliyekuwa nikisema mlevi hafai hata kupewa salamu.

13 Agosti. Vidole vimekataa. Niambie la kufanya, nitalifanya.

Salme


Tandika
27 Agosti 2003

Dada yangu Salme,

Shikamoo, na leo naiandika shikamoo hii kwa moyo wote.

La kufanya ni hili. Chukua kopo lenyewe, lilivyo, umpelekee Daktari Severine. Atakupangia kupunguza kidogo kidogo, wiki kwa wiki. Kopo lisikae kwako, likae kwa Rosa, yeye ndiye akupe kwa hesabu ya daktari. Ukimaliza cha mwisho, kaa wiki mbili kamili bila chochote. Hapo ndipo tutaanza tena, daktari akiridhia. Itakuwa kazi. Wewe ni mtu wa kazi.

Na sasa zamu yangu. Umeandika siku nne kwa vidole vile, mimi mwenye vidole vizima siwezi kuendelea kuruka mfereji.

Mwaka tisini na tisa, mama alipofariki, sikuwa Nairobi kwenye kozi. Sabrina aliwaambia hivyo kwa sababu nilimwomba. Nilikuwa kwenye nyumba moja nje ya jiji, ya watu walioshindwa kuacha pombe. Nilikuwa nakunywa tangu mwaka wangu wa pili kazini, mpaka asubuhi kabla ya kushika mzani. Unakumbuka uliwahi kusema mbele ya mama kwamba mlevi akitokea katika nyumba yetu afadhali azikwe? Mama alicheka. Mimi nilikuwa nimekaa hapo na chupa mfukoni.

Simu ya maandishi ya msiba ilifika, Sabrina na daktari wakaona nisiambiwe mpaka nipate nguvu. Nikaambiwa baada ya wiki tatu. Mama alikuwa ameshalala kaburini, na mimi sikuwa na uso wa kuja Babati kueleza nilikokuwa. Kila mwaka uliopita ukaifanya safari hiyo kuwa ngumu zaidi.

Ninameza naltreksoni, kidonge kizima, kila asubuhi mbele ya Sabrina. Ndiyo maana naifahamu. Maganda yako thelathini yametoka kwenye chupa yangu, kidonge kimoja. Siku niliyokitoa sikumeza. Jioni yake nilipita mbele ya baa ya zamani mara mbili. Sikuingia.

Kama hutaki tena kuniandikia, nitaelewa.

Hatibu


Nangara
21 Septemba 2003

Hatibu,

Nimeisoma barua yako nikaifungia kabatini siku tano, nikishona kwa hasira. Hasira yenyewe si ya pombe. Nimelia kwa miaka minne nikidhani mdogo wangu aliona kozi ni bora kuliko mama yake. Ungeniambia ukweli ningekutukana, ndiyo, ningekutukana sana. Halafu ningepanda basi nikufuate. Hunijui?

Yale maneno ya mlevi azikwe niliyasema. Nimeyarudisha, na nimemwomba Mungu anisamehe.

Daktari Severine hakunigombeza, na ningependa angenigombeza kidogo. Kopo liko kwa Rosa. Ananihesabia asubuhi na jioni kama anavyohesabu mayai, na nikimwomba cha ziada anaanza kusali rozari kwa sauti mpaka niondoke. Hadija nimemwambia kila kitu. Alinisikiliza, akasema, "Mama, nilikuwa najua." Watoto wa siku hizi wanatutunzia siri zetu wenyewe. Leo niko kwenye vinne kwa siku. Usiku miguu inacheza ngoma yenyewe. Sijarudi nyuma.

Sasa sikiliza, mwana wa mama. Maganda haya ishirini na tisa yametoka kinywani mwako. Nayarudisha pamoja na barua hii. Sitameza hata moja mpaka uniandikie kwamba chupa yako haipungui kwa ajili yangu. Afadhali vidole vyangu vikunjane kuliko wewe kupita mbele ya baa ile mara ya tatu.

Dada yako,
Salme


Tandika
19 Oktoba 2003

Dada Salme,

Shikamoo. Maganda yamefika, Sabrina akayaona, nikalazimika kumweleza. Ameninunia siku mbili, ya tatu akanishika mkono akanipeleka kwa daktari wangu yeye mwenyewe. Huyo daktari amewasiliana na Severine kwa simu, wameelewana, na sasa una chupa yako, yenye jina lako na cheti chako. Ya kwangu nimeihesabu mbele ya Sabrina. Imetimia.

Humu mna maganda mapya ya miligramu moja na nusu. Usifungue mpaka Severine akuhesabie wiki zako mbili. Mwezi wa Ramadhani unakaribia. Ganda hili linamezwa usiku, halina ugomvi na funga. Baada ya mwezi, akiona vema, nitajaza ya miligramu tatu.

Nimefurahi umenitukana.

Hatibu


Nangara, Babati
12 Januari 2004

Mdogo wangu Hatibu,

Assalam aleikum. Sisi wazima. Hadija yuko kidato cha tatu na anasema anataka kusomea dawa. Nimemwambia kwanza ajifunze kufunga mdomo, akasema hilo analijua kuliko mimi. Rosa amevuna maharage na anakusalimu. Siku ileile nilipomaliza cha mwisho alichukua kopo tupu la Sylvesta akalipondaponda kwa mchi, tukalizika nyuma ya nyumba, akalisomea Baba Yetu.

Nina miezi miwili na ushee kwenye maganda yako. Ndoto za ajabu nilizipata: nilimshonea kiboko wa ziwani suruali ya mikunjo miwili, na akalalamika. Si muujiza, nisikudanganye. Asubuhi vidole bado vinaamka vimekunjana, lakini saa moja na nusu vimefunguka, hatungoji saa nne. Maumivu yapo, ila yamerudi nyuma hatua kadhaa, naweza kufanya kazi nikiyasikia kwa mbali. Daktari Severine anasema huenda ni maganda, huenda ni dawa zake zimekolea, huenda ni vyote viwili, na bado ananipima. Mimi nimemwambia vidole havijauliza nani apewe kombe. Kidonge cha nguvu sijagusa. Siku mbili nilikitamani mpaka nikaenda kukaa kwa Rosa, naye akanipa maharage nichambue.

Mara nyingine naifikiria dawa hii. Wewe unameza kizima ili usirudi ulikotoka, mimi nameza chembe yake ili nifike ninakokwenda. Mama angesema watoto wake hawajawahi kugawana kitu sawasawa.

Sasa habari ya kazi. Nakushonea kanzu, kitambaa cheupe kizuri, hutaivaa kuchanganyia dawa. Mikono nimekisia kwa ya baba, urefu nimekisia kwa picha ya harusi yako. Kifuani nimetoboa matundu matatu ya vifungo kwa mkono. La kwanza nililifumua mara mbili. La pili mara moja. La tatu halikufumuliwa. Hadija ameliangalia kwa miwani ya Rosa akasema halina kasoro, na mimi nikatoka nje kidogo, nikalia, nikarudi.

Limebaki tundu la nne, la kolani, na kola yenyewe. Mara ya mwisho kukupima shingo ilikuwa kabla mama hajafariki. Kola ya kukisia humkaba mtu ama humlegea, na mimi sitoi kazi mbovu dukani kwangu. Shingo haipimwi kwa posta.

Idi kubwa itakuwa mwanzoni mwa Februari. Njoo na Sabrina na huyo mwenye mluzi. Chupa yako ilete, juu ya kabati pana nafasi kando ya yangu. Utafika mchana, nitakupima, usiku nitalitoboa hilo la nne, na asubuhi utaivaa kanzu kwenda kuswali. Tukitoka msikitini tutakwenda wote kwa mama. Nimeshamwambia ulikuwa wapi.

Mimi dada yako,
Salme, fundi